SOMO: Kusukuma wakati wa kujifungua, usukume lini na usukumeje

Naandika hapa mara moja, halafu kila atakayeniuliza "dada mkunga nikifika leba nisukume lini" nitamtuma aje asome. Nimechoka kuandika jibu lile lile usiku wa manane, na wengine hata asante hamsemi.

Kusukuma kuko kwa namna mbili. Kuna kule mwili unakotaka wenyewe: uchungu unapanda, ukifika katikati unasikia kama haja kubwa imekubana, unasukuma sekunde 3 mpaka 5, unapumua, unasukuma tena, mara tatu au nne ndani ya uchungu mmoja, huku sauti inakutoka kama mtu anayenyanyua gunia. Halafu kuna kule kwa kuelekezwa: vuta pumzi, ibane, kidevu kifuani, sukuma nahesabu mpaka 10, usipige kelele! Hii ya pili ndo mnaiona kwenye filamu mkadhani ndo kuzaa kwenyewe. Shirika la Afya Duniani, mwongozo wao wa 2018, wanasema mama atiwe moyo na asaidiwe kufuata msukumo wake mwenyewe.

Haya, hatua.

1. Kojoa. Kibofu kikijaa kinambania mtoto njia.

2. Ukisikia msukumo, sema upimwe. Njia ikiwa haijafunguka yote (sentimita 10) ukasukuma kwa nguvu, mlango wa kizazi unaweza kuvimba na safari ikawa ndefu zaidi. Lala ubavu, au piga magoti kifua kiwe chini makalio juu, na uchungu ukija hema kwa pumzi fupi fupi.

3. Njia imefunguka yote ila msukumo hujausikia: SUBIRI. Hapa ndo nilipoharibu mimi. Nilikuwa mgeni kazini, mama mimba ya kwanza, nimempima 10 kamili, nikafurahi utadhani nazaa mimi. Nikamlaza chali, nikamwambia shika mapaja, bana pumzi, sukumaaa, moja mbili tatu. Mama wa watu akatii. Hakuwa na msukumo wowote, ananiangalia mimi usoni kujua aanze saa ngapi. Saa nzima kichwa cha mtoto kiko kule kule juu, midomo imemkauka, na nyeupe ya jicho la kulia imeingia damu kwa kukamua. Mkunga mkubwa akaingia, hakunigombeza, akamgeuza mama ubavu, akampa maji, akasema "mwache." Mama akasinzia kati ya uchungu na uchungu. Baadaye akashtuka mwenyewe, akashika chuma cha kitanda, akatoa ile sauti ya kunyanyua gunia, na safari hii hakuna aliyemhesabia. Mtoto alilia vizuri tu, ila lile jicho jekundu nilikutana nalo wodini kesho yake asubuhi na akanishukuru, nikaona aibu mpaka leo.

Kwa hiyo 10 sio kengele ya kuanza. Wakati mwingine kizazi kinapumzika kidogo, mtoto anaendelea kushuka na kujizungusha bila wewe kufanya kitu.

ANGALIZO, soma mara mbili: kusubiri sio kutelekezwa. Mapigo ya moyo ya mtoto yanasikilizwa kila baada ya dakika 5 katika hatua hii. Mimba ya kwanza, kawaida mtoto anazaliwa ndani ya saa 3 tangu njia ifunguke yote, aliyewahi kuzaa ndani ya saa 2. Mapigo yakishuka mkunga akakwambia mama sukuma SASA na kwa nguvu, sukuma, usianze kumwambia kuna dada alisema nifuate mwili wangu.

4. Mkao wowote unaokufaa: ubavu, kuchuchumaa, magoti na mikono.

5. Sukuma msukumo unapokuja, ukiisha legea kabisa, hata taya.

6. Kichwa kikitokeza kikawa hakirudi tena ndani, utasikia msamba (pale kati ya uke na njia ya haja kubwa) unawaka moto. Usikamue. Hema kama mbwa aliyekimbia, mtoto atoke taratibu mkononi mwa mkunga.

Maswali chini.

Mama Kijacho: Asante dada. Sasa nikifika leba nisukume lini?

Jibu: Hatua ya 2 na ya 3.

Mama Kijacho: Ni ndefu nimeshindwa kusoma yote

Jibu: Leba ni ndefu zaidi.

Bintiye Mwalimu: Dada samahani, huo msukumo unatoka wapi hasa? Mbona wengine wanausikia mapema wengine wanachelewa?

Jibu: Swali zuri mdogo wangu. Kichwa kikishuka kikakandamiza nyonga kwa chini, mishipa ya fahamu inapeleka taarifa kwenye ubongo, ubongo unaachia oksitosini (homoni inayoleta uchungu) zaidi, uchungu unaongezeka, kichwa kinashuka tena. Mzunguko unajilisha wenyewe. Kwa hiyo mtoto akiwa bado juu hakuna cha kukandamizwa na husikii kitu hata kama njia imefunguka yote. Na akiwa amekaa mgongo kwa mgongo na mama yake, msukumo unaweza kuja mapema kabla ya wakati, ndo maana nimesema upimwe.

Mama Kulwa: Mimi nilichomwa ganzi ya mgongoni sikusikia chochote, nilifanyaje vibaya?

Jibu: Hukukosea mama. Ganzi inafifisha ile taarifa. Kwa wenye ganzi inashauriwa kungoja saa 1 mpaka 2 baada ya njia kufunguka yote, au mpaka msukumo urudi, kama mama na mtoto wako salama na wanafuatiliwa vizuri. Usiporudi, hapo kuelekezwa ni msaada, mkunga anaweka mkono tumboni anakwambia uchungu huo umepanda.

Bintiye Mwalimu: Na ni kweli ukisukuma kwa hiari huchaniki?

Jibu: Sitakudanganya, tafiti zilizolinganisha hazijaonyesha tofauti ya wazi kwenye kuchanika. Kinachosaidia msamba ni kitambaa cha maji ya uvuguvugu kichwa kinapotokeza, na ile hatua ya 6.

Baba Mtarajiwa: Sasa kama mwili unajua wenyewe si bora tuzalie nyumbani tu tuokoe hela

Jibu: Kaka, nyumbani nani atasikiliza mapigo kila dakika 5? Wewe? Rudia angalizo.

Baba Mtarajiwa: Nilikuwa nauliza tu. Wa kwetu alibonyezwa tumbo mtoto atoke, ni sawa?

Jibu: Hapana, kukandamiza tumbo kwa juu ili mtoto atoke hakushauriwi. Na umeuliza la maana safari hii. Ukiwa naye leba, mpe maji kwa mrija, mfute uso, na usihesabu.

Mama Kulwa: Dada kuna jambo naona aibu… haja kubwa ikitoka je?

Jibu: Inatoka, kwa wengi tu. Kichwa kinapita jirani kabisa, lazima kikamue kilichopo. Tunafuta, tunaendelea, na sisi tukiiona ndo tunavaa glovu mpya.