Somo: Kupima g kwa simu, na kwa nini msiniletee 9.81

Habari zenu wakufunzi. Mwaka jana nilivipa vikundi saba vya mwaka wa kwanza uzi, jiwe na saa, wapime mchapuko wa graviti, yaani g (mita kwa sekunde kwa sekunde). Vyote saba vikaniletea 9.81. Cha sita hata uzi kilikuwa hakijafungua. Niliuona mezani, bado umeviringishwa kwenye kijiti chake.

Sasa, 9.81 ni ya London na sehemu za latitudo zile. Sisi hapa Uganda, ikweta inakatiza barabara yetu ya Masaka pale Kayabwe. Dunia imetuna tumboni, nusukipenyo cha ikweta kinazidi cha nchani kwa kilomita 21 hivi, tena kuzunguka kwake kunatupunguzia kidogo. Kampala, karibu mita 1,190 juu ya bahari, utapata kama 9.78. Tofauti ni asilimia 0.3 tu, lakini simu ya mwanafunzi inaweza kuiona mkiwa wavumilivu.

Hatua ya 1. Pakua phyphox, programu ya bure ya kusoma vihisio vya simu, iliyotoka mwaka 2016 katika chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Pakua ukiwa na bando. Ikishaingia haihitaji tena intaneti.

Hatua ya 2. Funga simu kwenye kitambaa, uining'inize kwa nyuzi mbili sambamba. Uzi mmoja utaizungusha kama buibui. Msumari uwe imara, maana ukicheza, namba zote zinacheza nao.

Hatua ya 3. Hapa ndipo watu hupotea. Kwenye uzi wa mita 1, kosa la milimita 3 tu linafuta tofauti yote kati ya 9.78 na 9.81. Na kitovu cha uzito cha simu kiko wapi? Hukijui. Basi usikitafute. Pima kutoka msumarini hadi ukingo wa juu wa kitambaa, kwa urefu tano tofauti: sentimita 60, 75, 90, 105, 120. Kipande usichokijua ni kilekile mara zote tano, hivyo kitaisogeza grafu pembeni bila kugusa mteremko wake.

Hatua ya 4. Vuta kidogo. Bembeo la pembe ya nyuzi 10 (digrii, si uzi) linaongeza muda wa bembeo kwa asilimia 0.2, na g inapungua kwa karibu 0.4, yaani linameza kabisa kile tunachokitafuta. Nyuzi 5 zinatosha. Kwa uzi wa mita 1 ni chini ya sentimita 9. Wanafunzi hupenda kuvuta kama wanampa mtoto bembea. Wazuie.

Hatua ya 5. Rekodi jairoskopu (kihisio cha mzunguko cha simu), hesabu mawimbi 50, gawanya muda wote kwa 50. Ukiwasha hotspoti ya simu nyingine, phyphox inakuruhusu kutazama mawimbi kwenye kivinjari cha kompyuta wakati simu inabembea, bila kutumia bando hata kidogo. Darasa zima linanyamaza.

Hatua ya 6. Hamisha data kwenye Excel au LibreOffice. Chora muda wa bembeo moja kwa kipeo cha pili dhidi ya urefu kwa mita, tafuta mteremko, kisha gawanya 39.48 (yaani 4π²) kwa mteremko huo. Ukipata 4.037, g yako ni 9.78.

MASWALI

Swali (Arua): Mwalimu, simu za wanafunzi wangu ni za bei ya chini, hazina jairoskopu.

Jibu: Kihisio cha mchapuko karibu zote zinacho. Tazama mhimili unaofuata uzi. Ila angalia, mvuto wa uzi unapanda kila simu inapopita katikati, kwa hiyo utaona vilele viwili kwa kila bembeo zima. Kuna mwenzetu alisahau hilo akatangaza g ya karibu 39.

Swali (Mbale): Ripoti zangu zote siku hizi zinaandikwa na akili mnemba. Nifanyeje?

Jibu: Mimi nadai faili ghafi kutoka phyphox, na kila kikundi nakipa seti yake ya urefu. Halafu nawauliza ana kwa ana: kwa nini mstari wenu haupiti kwenye sufuri? Alama nyingi ziko hapo, si kwenye ripoti.

Swali: Mtihani ukisema g ni 9.81?

Jibu: Tumia ya mtihani, ndugu yangu. Usiende kugombana na karatasi.

Swali (Jinja): Na simu ya mtu ikianguka, nani analipa?

Jibu: Weka mto chini. Nilianza kubeba wa nyumbani, na mama watoto ameshauliza mara mbili mwalimu wa fizikia anaenda na mto wapi saa mbili asubuhi.