Jinsi ya kupanga onesho la vioo: kwa wenzetu wa Wete

Wenzangu, mlinitaka niwaandikie tulivyopanga onesho letu hapa mjini Unguja ili na nyinyi mfanye lenu. Nimeandika kama nilivyoyaona, na nimekaa zaidi pale palipotutesa. Kazi yangu mimi ni vioo vya rangi vya kuunganishwa kwa lehemu, vile vinavyokaa juu ya milango na madirisha ya nyumba za zamani. Marehemu baba yangu akivitengeneza vinapovunjika, na almasi yake ya kukatia ndiyo niliyonayo mkononi hadi leo. Wenzangu wanane wana yao: wako wa shanga za chupa, wa sahani za tanuri, wa bilauri zinazokatwa kwenye chupa, na mmoja anabandika vigereng'enza kwenye ubao mpaka vikawa jahazi. Kila aina inataka mahala pake, na hapo ndipo kazi ilipo.

Chumba

Mkipewa chumba msikikubali siku hiyo hiyo. Mmoja wenu akakae humo kutwa na daftari, aandike jua linaingia saa ngapi, linapiga ukuta gani, linatoka saa ngapi. Chetu kilikuwa ghorofa ya pili, Shangani, dirisha linatizama baharini, magharibi. Saa tisa unusu jua liligusa kizingiti, saa kumi lilikuwa katikati ya sakafu, na kutoka hapo mpaka karibu na adhana ya magharibi chumba kizima kilikuwa cha rangi. Asubuhi hakikuwa na kitu. Basi tukafungua saa tisa alasiri, tukafunga kwa sala, na hatukumwita mtu asubuhi hata siku moja.

Angalieni na mwezi. Visiwa vyetu viko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la mchana linapita kaskazini yetu, na Disemba linapita kusini. Dirisha la kaskazini linalowaka wakati wa kusi, upepo wa Juni, litakuwa limepoa ikifika kaskazi, upepo wa Disemba. Masika msijaribu kabisa. Mawingu yatakaa wiki nzima na barabara za mashamba zitawazuia wageni.

Mkija mjini, piteni Mizingani mulitizame jengo la Dispensari ya Zamani, lililoanza kujengwa 1887 kwa fedha za Tharia Topan. Simameni kwanza nje mchana mutizame vile vioo vya rangi. Kutoka nje vimefifia, karibu vyeusi. Kisha ingieni ndani mugeuke nyuma. Mafundi wa zamani walijua nani anamtengenezea nani: kioo cha rangi kiliwekwa kwa ajili ya aliyekaa ndani, mwanga ukimjia kutoka nje.

Nasema haya kwa uchungu. Miaka iliyopita hoteli moja ya pwani ilichukua kazi zangu sita, ikazitundika kwenye ukumbi mrefu usio na dirisha, ukuta mweupe nyuma yake, taa ya dari juu. Zilikufa. Wageni walipita wakidhani ni mabati yaliyopakwa rangi. Na jina langu halikuandikwa popote. Hapo ndipo nilipowaambia wenzangu tufanye letu.

Kikao cha kabla

Wiki mbili kabla, kaeni kitako pamoja, siku nzima, kila mtu na kazi mbili: moja nzima anayotaka kuionesha, na moja iliyovunjika. Ile iliyovunjika ni lazima. Wengine wataona haya, muwabembeleze. Siku yetu, vilivyovunjika ndivyo vilivyotusomesha.

Mimi nilileta bakuli. Nilichukua chupa ya kijani na chupa ya kahawia, nikaziyeyusha pamoja tanurini, zikatoka nzuri, nikalala na furaha. Usiku wa manane nikasikia "tik", kama mtu kagonga meno. Asubuhi bakuli lina ufa umefuata mpaka wa rangi mbili, kwa ukamilifu kama mstari wa rula. Kijana mmoja wa Chake Chake, anayefanya sahani, akalichukua mkononi. "Dada, hizi ni chupa za viwanda viwili?" Nikamwambia ndiyo. Akasema kila kiwanda kina mchanganyiko wake wa mchanga, magadi na chokaa, na kila mchanganyiko unatanuka na kusinyaa kwa kiasi chake. Vikipoa pamoja, kimoja kinamvuta mwenziwe mpaka mmoja anaachia. Yeye huyeyusha vipande vya chupa moja tu, na tanuri lake akilifikisha nyuzi 780 hivi za Selsiasi halifungui. Analishusha mpaka karibu na 540, analikalisha hapo saa nzima au zaidi, kisha analiacha lipoe polepole mpaka kesho yake.

Halafu akatuonesha jambo ambalo nataka mulifanye kwa kila kazi ya tanuri kabla haijaingia ndani ya onesho. Chukueni kompyuta ya mkononi, mufungue ukurasa mweupe mtupu, mwanga juu kabisa. Shikeni miwani ya jua ile ya polaraidi, inayokata mng'ao, muizungushe mbele ya macho mpaka skrini iwe nyeusi. Sasa pitisheni sahani baina ya miwani na skrini. Kioo kilichopoa vizuri kitabaki cheusi pamoja na skrini. Kilichobaki na mvutano ndani kitawaka pale penye mvutano, madoa meupe, mara nyingine na rangi za upinde wa mvua. Sahani tatu ziliwaka siku ile. Mbili tulizirudisha tanurini. Ya tatu mwenyewe hakutaka, na ilipasuka juu ya meza siku mbili baadaye bila ya kuguswa na mtu. Fikirieni ingekuwa mbele ya watoto wa skuli.

Wa bilauri naye alitufundisha kukata shingo ya chupa. Mstari mmoja tu wa almasi, mzunguko mmoja, mpaka mwisho ukutane na mwanzo. Ukirudia juu ya mstari umeharibu mstari na almasi. Kisha maji ya moto kutoka kwenye birika, membamba, chupa inazungushwa polepole. Kisha maji ya baridi. Ikikataa, rudia moto na baridi, usiigonge. Ukingo unasuguliwa kwa msasa wa maji, kioo na msasa vyote majini, kwa sababu vumbi la kioo likiingia mapafuni halitoki. Meza na sakafu futeni kwa kitambaa kibichi, ufagio mkavu muuweke mbali.

Kutundika

Nyumba zetu za Mji Mkongwe ni za mawe na chokaa. Ukipiga msumari ukutani, nusu saa baadaye unauona umelala sakafuni na konzi ya chokaa. Na hata ungeshika, si wa kupigwa. Mji Mkongwe umo katika urithi wa dunia tangu 2000, na hata mwenye nyumba hana ruhusa ya kutoboa atakavyo bila ya kuuliza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Sisi tulitumia boriti. Tulizungushia kamba kwenye boriti za dari, tukaning'iniza mti mrefu wa mkandaa ukapita mbele ya dirisha, na vioo vyote tukavifunga kwenye mti ule. Kwenu Wete, ikiwa nyumba ni ya matofali na bati, tengenezeni fremu ya mbao ya kusimama peke yake na muizuie miguu kwa magunia ya mchanga.

Pimeni uzito, msikisie. Kioo cha unene wa milimita 1 chenye ukubwa wa mita moja ya mraba kina kilo 2 na nusu. Kwa hiyo kipande cha unene wa milimita 4, sentimita 40 kwa 60, ni kilo 2.4 kabla ya lehemu na fremu. Mshipi wa kuvulia unafaa sana kwa sababu hauonekani, lakini chukueni ule unaostahamili mara nne au tano ya uzito wenu, mutumie miwili kwa kila kipande, na fundo mumuache mvuvi alifunge. Sisi tulimwita jirani mvuvi. Alifungua mafundo yangu yote bila ya kusema neno akayafunga upya. Kisha tulining'iniza ndoo ya maji yenye uzito mara mbili ya kioo pale pale kitakapokaa, ikalala usiku kucha. Waya wa chuma msiutumie; kwa hewa ya bahari hii utaota kutu na kutu itatiririka juu ya kioo. Wa shaba ni mzuri.

Vilivyo vizito na visivyopitisha mwanga msivigombanishe na dirisha. Sahani na bilauri tuliziweka ndani ya mashubaka ya ukutani, kama bibi zetu walivyokuwa wakiweka mabilauri na mirashi, na zikakaa kana kwamba ukuta ulijengwa kwa ajili yao. Lile jahazi la vigereng'enza lilitaka mwanga wa ubavuni, likapata ukuta wa karibu na mlango. Shanga tulizilaza juu ya kaniki, na nyeusi ile iliziinua rangi kuliko kitambaa cheupe tulichojaribu kwanza. Kando yake tuliandika kwamba wachimbuzi wa mambo ya kale walipata shanga za kioo Unguja Ukuu, zilizoletwa na wafanyabiashara wa baharini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Watu walisimama hapo muda mrefu kuliko popote.

Karatasi za majina

Kila kazi iwe na karatasi yake: jina la aliyefanya, kijiji au mtaa wake, kioo kimetoka wapi, bei. Kioo kimetoka wapi ni muhimu; "chupa zilizookotwa pwani ya Jambiani" inamfanya mtu arudi nyuma aangalie tena. Jina liandikwe kwa herufi kubwa kuliko bei. Hili sikubali lipunguzwe.

Kusafirisha kutoka huko

Mkitaka kutuletea kazi zenu, kioo kisimame wima kila wakati, kisilale. Zungushieni kanga kuukuu, kisha jazeni usumba mkavu, zile nyuzi za makumbi ya nazi, ndani ya boksi mpaka ukilitikisa lisitoe sauti. Usumba ukiwa mbichi utatia madoa kwenye lehemu. Mwenzenu mmoja alifunga vyake kwa gunia lililokuwa la makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Vilifika salama, na chumba kilinukia karafuu siku zote nne. Bandarini Mkoani msikubali boksi liende na mizigo, mulipakate melini mpaka bandari ya Malindi hapa Unguja.

Siku zenyewe

Siku ya kwanza iwe ya sheha, majirani na watoto wa skuli, kahawa na kashata, hakuna kuuza. Watoto watataka kushika. Wawekeeni sinia ya vipande vilivyosuguliwa mpaka vikawa laini kama kokoto, na mbele ya mti wa vioo wekeni mabenchi ili mtu asifike kwa mkono. Kila alasiri kabla ya kufungua, futeni vioo vyote kwa maji yenye siki kidogo. Chumvi ya bahari inaweka ukungu usiku mmoja tu. Fedha zishikwe na watu wawili, daftari mbili. Sisi tuliweka sehemu moja ya kumi kwa onesho lijalo.

Siku ya tatu aliingia bibi mmoja na mjukuu wake. Akasimama mbele ya kioo changu cha nusu duara, kijani na njano, akanyamaza. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, hichi umekitoa wapi?"

"Nimekitengeneza, bibi. Mfano ni wa baba yangu."

"Hichi kilikuwa juu ya mlango wetu, Mkunazini. Kulikuwa na kipande kimoja cha njano hakikuwa sawa na vyengine."

Nikamuonesha. Kipande kile ninakiweka kila mara, kwa sababu baba akikiweka, na mpaka siku ile nilidhani ni njano tu zilimuishia.

Kushusha fanyeni asubuhi, wakati hakuna upepo, kuanzia vya juu, na kila kioo kirudi kwenye kanga ile ile iliyokileta.

Sasa nawaomba mambo mawili kabla hamujapanga tarehe: dirisha lenu linatizama wapi, na kutoka sakafuni mpaka kwenye dari ni futi ngapi. Mishipi na mti wa mkandaa nitakuja navyo, na miwani ya polaraidi nitaiazima.