Gundi ya wanafunzi badala ya pini katika kushikiza mfarishi

Kwa mshonaji wa nyumbani anayeunga vipande vya vitenge kuwa mfarishi, yaani shuka nene la kujifunika, gundi nyeupe ya wanafunzi, ile inayotoka kwa maji, hushikiza matabaka yake matatu (bitana ya chini, pamba ya katikati na kitambaa cha juu) kabla ya kushonwa, vizuri kuliko pini. Tandaza bitana mezani upande mbaya ukiwa juu, weka tabaka la pamba, likunje nusu, kisha chora juu ya bitana mistari ya gundi myembamba kama uzi, ikiachana kiasi cha sentimita 10; rudisha pamba, ilainishe kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, na upige pasi kavu. Fanya vivyo hivyo nusu ya pili, halafu kitambaa cha juu. Joto hukausha maji yaliyomo kwenye gundi, matabaka yakashikana, na cherehani hupita bila kukisukuma kitambaa kikafanya mikunjo. Naipendelea hasa kwa mifarishi ya watoto wachanga, kwa kuwa hakuna pini inayoweza kusahaulika ndani. Ukimaliza kushona, ufue mfarishi ili gundi itoke.

Njia hii hushindwa gundi ikiwa nzito, kwa kuwa tone lililokauka huwa gumu na huweza kuvunja sindano. Gundi ya seremala isitumike kabisa, maana haitoki. Pamba ya poliesta huharibiwa na pasi ya moto, hivyo iache gundi ikauke yenyewe, na hapa Mwanza wakati wa mvua, hewa ya ziwani ikiwa na unyevu, ni afadhali ilale usiku kucha. Vitenge vinavyochuja rangi vifuliwe kabla ya kukatwa.