Ukitaka kuujua mji wa reli, anzia kwenye maji

Wageni wengi wakifika Makindu, mji wa Kenya ulio kwenye njia ya Mombasa hadi Nairobi, huelekea stesheni moja kwa moja. Mimi, niliyelelewa kwenye landhi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, nakusihi uanzie kwenye chemchemi. Tazama mikindu, ile ile ambayo ukindu wake husukiwa mikeka. Mkindu haumei pakavu. Sasa kumbuka kwamba reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita nyika ya Taru, ambako hata maji ya kunywa ya wajenzi yalibidi yaletwe. Injini ya mvuke hunywa kuliko ng'ombe wa kijiji kizima. Ilipofika hapa, kwenye maji yanayochujwa na mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu, ilipata pa kusimama. Iliposimama, watu wakajenga: tanki, karakana, nyumba, kisha maduka. Kwa hiyo katika mji wowote wa reli, swali lako la kwanza liwe hili: treni ilisimama hapa kwa sababu gani?

Halafu inama. Ukiona kipande cha reli kuukuu, pangusa vumbi ubavuni. Mara nyingi utakuta jina la kiwanda na mwaka, vimechomoza kwenye chuma chenyewe. Angalia na mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli kuishikilia. Mengi ni ya chuma, kwa kuwa ya mbao mchwa wangeyamaliza. Babu yangu alikuwa kwenye genge, kikosi cha kutunza njia ya reli, kazi yake kukaza boliti na kushindilia kokoto, na namba za kwanza nilizojua kusoma alinionyesha kwenye chuma hicho, kabla sijaanza shule. Omba ruhusa ya msimamizi wa stesheni kwanza, usitembee katikati ya reli ukidhani imekufa, wala usiondoke hata na boliti moja. Kila kinachong'olewa ni ukurasa umechanwa.

Kwenye mazungumzo na wazee usiwe na haraka. Ukimuuliza mzee, "Mji huu ulianza kufa lini?" atakujibu kwa upole tu, nawe utaondoka mikono mitupu. Msalimie, keti, kisha uliza, "Mzee, treni ya abiria ilikuwa ikifika saa ngapi?" Hapo atafunguka. Mama yangu angekwambia kwamba ilipita usiku wa manane, kwamba alichemsha mayai baada ya sisi kulala, na kwamba alijua kwa mlio wa honi kama leo mabehewa yamejaa. Andika majina ya vitu kama wanavyoyatamka wao. Uliza nani aliuza nini, na sasa anauza wapi. Jibu la swali hilo ndilo historia ya mji.

Nenda pia kwenye hekalu la Makalasinga, lililojengwa mwaka 1926 na Makalasinga wa reli. Vua viatu, funika kichwa, ule chakula kinachotolewa bure kwa kila mgeni. Hekalu limebaki na uhai kwa sababu wasafiri wa barabara kuu bado wanasimama.

Sasa geuza lile swali la kwanza: kwa nini treni iliacha kusimama? Usikubali jibu moja. Injini za dizeli hazikuhitaji maji, na hilo peke yake lilikata mzizi. Barabara ikachukua mizigo na abiria. Mwaka 2017 reli mpya ya SGR ikafunguliwa, ikaweka stesheni Kibwezi upande mmoja na Emali upande wa pili, nasi tukabaki katikati, tukiisikia ikipita. Nasema "tukabaki" kwa uchungu, ingawa Makindu haijafa: malori yanailisha. Kilichokufa ni mji ule ulioishi kwa ratiba, na huo ndio unaopaswa kuandikwa wakati wanaoukumbuka wangalipo.

Ukimaliza, panda basi hadi Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli. Itafute injini namba 5918, Mount Gelai, mojawapo ya zile injini 34 za mvuke za aina ya Garratt zilizotengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956. Usianze na magurudumu. Nenda kwenye tangi la maji lililo mbele kabisa, simama kando yake, ulipime kwa kimo chako.