Kutega taa za Sabato

Torati inakataza kuwasha moto siku ya Sabato (Kutoka 35:3), nayo Sabato ya Wayahudi huanza Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku. Umeme umekuja juzi tu, na marabi (walimu wa dini) wa Kiyahudi wa Kiorthodoksi wakaamua swichi nayo isiguswe. Basi Ijumaa mchana natega saa ya soketi, inayokata umeme yenyewe: taa ya sebuleni izime saa tano usiku. Rabi Moshe Feinstein wa New York aliiruhusu kwa taa, akakataa isipikie, nami namfuata. Swichi ya bafuni naiziba kwa seloteipu, maana mkono una mazoea yake. Balbu ya friji ilegeze mapema, la sivyo ukifungua mlango tu, imewaka! Chakula kiive kabla ya magharibi. Mishumaa ya Sabato iwashwe dakika 18 kabla ya jua kuzama. Yerusalemu wengi huwasha dakika 40. Mtu akizidiwa na ugonjwa, uhai kwanza: piga simu, washa gari, usingoje rabi.