Kifaa cha ramani kikikuzimikia njiani, usikimbilie betri

Kifaa changu cha GPS, kile cha kuonyesha njia garini, kilinizimikia usiku wa Ijumaa, tumeshapita Matuu tukielekea Mwingi, wafiwa 11 nyuma yangu na gari la jeneza limetangulia mbali. Yule mama wa ndani ya kifaa alianza, "Baada ya mita mia nne..." akanyamaza hapo hapo. Skrini nyeusi. Ajabu ni kwamba waya wa chaji ulikuwa umechomekwa tangu Thika, na kitaa chekundu cha chaja kinawaka kama kawaida. Nikaendelea kwa kuuliza watu wa bodaboda mpaka saa kumi alfajiri, shangazi wa marehemu akiniuliza kila kona, "Mwanangu, si hapa?"

Mimi ni dereva wa kukodiwa hapa Nairobi. Gari langu la viti 14 lilikuwa matatu zamani. Siku hizi hubeba kwaya, maharusi na mazishi. Watu huniuliza kwa nini situmii simu kama wengine. Usiku wa mazishi simu yangu haipumziki: nani kaachwa, nani katuma pesa ya mafuta, nani anataka tusimame Thika anunue maji. Tena huko tunakokwenda kuzika, mtandao huja na kuondoka utakavyo. Kifaa cha setilaiti kina ramani yake ndani, hakiombi bando. Changu ni cha zamani, hata barabara ya Expressway iliyofunguliwa 2022 hakiijui. Nikiwa juu yake huniona kama ninaruka hewani kando ya Mombasa Road. Hilo nakisamehe. La kuzima njiani ndilo lililonilipisha karo, na karo hiyo nakupa bure.

Elewa kwanza betri ile iliwekwa kwa kazi gani. Ni betri ndogo ya lithiamu, bapa, ya kukuwezesha kukitoa kifaa garini na kupanga safari mezani, au kutembea nacho kidogo. Vingi vikiwa vipya hukaa kati ya saa 1 na saa 4 bila waya, kutegemea aina na mwanga wa skrini. Ni kama jerikeni la maji unaloweka jikoni kwa siku za mgao. Linakuvusha, lakini hakuna anayefulia nguo za nyumba nzima kwa jerikeni moja. Kwa hiyo kifaa kikikauka huku waya umechomekwa, uliza habari za bomba kabla hujalitukana jerikeni.

Mimi nililitukana jerikeni. Fundi mmoja mjini alinifungia betri mpya kwa shilingi 1,800, nikaondoka nimeridhika. Wiki mbili baadaye, yale yale. Ndipo nikapanda ngazi za jengo moja Luthuli Avenue, kwa kijana mwenye meza ndogo kama dawati la shule.

"Mama, yule wa kwanza alikipima?"

"Hakukipima, mwanangu. Alikitikisa tu, akasema betri."

Akacheka, lakini kwa adabu. Akaniambia nirudi nyumbani nikafanye jambo moja ambalo hata wewe unaweza kulifanya leo usiku bila kulipa mtu. Chaji kifaa kwa chaja ya ukutani, ile ya simu iliyoandikwa 5V na 1A au zaidi (volti 5 na ampea 1; ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita), mpaka kijae. Kichomoe, andika saa, weka mwanga wa skrini nusu, kiache mezani skrini ikiwaka. Changu kilikaa saa 2 na dakika 10. Maana yake betri ilikuwa na afya, na shida yangu ilikuwa garini. Kingekaa dakika 15 kikafa, hapo ningejua ni betri.

Niliporudi, alishuka nami mpaka garini akiwa na kijimita kidogo cha kuchomeka katikati ya chaja na waya. Chaja yangu ilikuwa ile ya matundu mawili inayouzwa kwenye foleni, tundu moja la simu, jingine la kifaa. Simu ikiwa peke yake, sawa. Vyote viwili vikichomekwa, kifaa kilikuwa kinapata ampea 0.3 tu, na skrini ikiwa kwenye mwanga wote ilikula zaidi ya hapo. Alama ya chaji ilionekana, kitaa kiliwaka, lakini kilichoingia kilikuwa kidogo kuliko kilichotoka, na pengo lile likilipwa na betri polepole. Kutoka mjini mpaka Thika sikuona kitu. Kupita Matuu, deni likaitwa. Nilinunua chaja nyingine yenye tundu linalotoa ampea 2 kwa kifaa peke yake, na tatizo la Mwingi likaishia hapo.

Ukichagua chaja, basi, usiangalie idadi ya matundu wala taa za rangi. Soma maandishi madogo ya pembeni: ampea ngapi kwa kila tundu, si kwa jumla. Na kama chaja iliyokuja na kifaa bado ipo, itumie hiyo hiyo.

Waya nao una siri yake. Vifaa vingi vya zamani hutumia tundu la mini-USB, lile nene kidogo kuliko la simu za juzi. Ukichukua waya wowote wa kamera wenye kichwa kama hicho, vifaa vingine havitaonyesha ramani; vitaonyesha picha ya kompyuta, kwa kuwa vinadhani vimeunganishwa na kompyuta kuhamisha mafaili. Waya halisi wa garini wa aina hizo una rezista ndogo, kijidude cha kuzuia umeme kidogo, ndani ya kichwa inayokiambia kifaa, "hapa ni garini, endelea na ramani." Kwa hiyo ukiiona picha ya kompyuta ukiwa barabarani, kifaa hakijaharibika, umebadilisha waya. Na hata waya sahihi huchoka pale shingoni unapopinda kila siku. Ushike hapo, uutikise taratibu huku ukiangalia alama ya chaji. Ikicheza, waya umekwisha, na gundi ya karatasi haitausaidia.

Sasa tundu la kiberiti cha sigara lenyewe, tunapochomeka chaja. Gari kuukuu hukusanya vitu humo. Kwenye langu nilitoa jivu la abiria wa zamani, maganda ya njugu na, siku nyingine, sumuni moja nyeusi kama makaa. Sumuni ile ilikuwa imelala kati ya kitako na ukuta wa tundu na ndiyo iliyokata fyuzi. Usafishe hivi: zima gari, toa ufunguo, na chomoa fyuzi ya tundu hilo, mchoro wa sanduku la fyuzi utakuonyesha ilipo. Funga kitambaa kikavu kwenye kijiti cha mbao, sugua chini na pembeni. Usitie bisibisi wala chuma chochote. Kisha fungua kichwa cha chaja yenyewe kwa kukizungusha. Katika nyingi utakuta fyuzi ndogo ya kioo ndani. Uzi wake ukiwa umekatika, weka nyingine yenye namba ile ile, si kubwa zaidi, na usiifunge kwa karatasi ya sigara kama nilivyowahi kuona stejini.

Jambo jingine la tundu: magari mengi hulikatia umeme ukitoa ufunguo. Ukisimama saa nzima kula nyama Mai Mahiu na kifaa kikabaki kinawaka, ni jerikeni linalotumika hapo. Kizime. Na wakati wa kuwasha injini, umeme huanguka ghafla halafu ukapanda. Mimi huchomeka waya baada ya injini kutulia. Kama umebadilisha chaja, waya na fyuzi na bado unahangaika, mwombe fundi umeme apime gari: injini ikiwa inanguruma inapaswa kutoa karibu volti 14. Ikiwa chini ya 13, shida yako ni altaneta, ile mashine ya injini inayozalisha umeme, na kifaa kimekutangulizia habari mbaya.

Joto ndilo nililolidharau kuliko yote. Sisi wa Nairobi tunajiona tuko baridini, lakini egesha gari saa sita mchana Februari, madirisha juu, kisha uguse plastiki ya dashibodi. Betri ya lithiamu huzeeka haraka ikikaa kwenye joto, na haraka zaidi ikiwa imejaa na iko kwenye joto, ambayo ndiyo hali halisi ya kifaa kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele siku nzima waya ukiwa umechomekwa. Tena betri hizi hazitakiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45 hivi, kwa hiyo vifaa vingi hujilinda kwa kukataa chaji. Safari moja ya kwenda Kibwezi nilidhani chaja mpya nayo imekufa. Nikakitoa kifaa kiooni, nikakiweka chini ya kiti cha kondakta kwa dakika 20, nikakirudisha: alama ya chaji ikarejea kama hakikutokea kitu. Tangu hapo nimekihamisha kutoka kiooni. Nimekishusha chini, karibu na matundu ya hewa, mahali kivuli cha dashibodi kinakifikia, na nikiegesha kinaingia kwenye droo. Wezi nao wanakosa cha kutazama, hiyo ni faida ya pembeni. Usikitie kwenye friji kukipoza, tafadhali. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo, unyevu ukaingia.

Mwanga wa skrini ndio mlafi mkuu. Wala si setilaiti. Ile kazi ya kupokea mawimbi kutoka kilomita zaidi ya 20,000 juu hula kidogo ukilinganisha na taa ya nyuma ya skrini. Usiku weka rangi za usiku na mwanga robo; macho yako pia yatashukuru. Bluetooth ikiwa huitumii, izime.

Halafu kuna lile la kuzima. Katika vifaa vingi, kubonyeza kitufe mara moja hukilaza tu usingizi, hakikizimi. Skrini ni nyeusi, lakini ndani kinaendelea kunywa chaji, asubuhi unakikuta kimekauka na unalaumu betri. Shikilia kitufe sekunde kadhaa mpaka kikuulize kama unataka kukizima, au mpaka kizime kabisa. Na kama hukitumii miezi miwili mitatu, kiache na chaji nusu, mahali pa baridi, ukiikumbusha chaji mara moja moja. Betri ya lithiamu iliyokaushwa na kusahauliwa kabatini mara nyingi haiamki tena.

Ikiwa kweli betri imekufa, yaani kile kipimo cha mezani kimekupa dakika chache, badilisha. Lakini usikubali betri ya simu iliyolazimishwa humo. Angalia ya zamani: volti 3.7, na mara nyingi namba ya tarakimu sita, kwa mfano 523450, ambayo ni vipimo vyake: unene milimita 5.2, upana 34, urefu 50. Ikifanana kwa vipimo na kwa mpangilio wa nyaya, inafaa. Nyaya zikiwa tatu, ya tatu kwa kawaida ni ya kupima joto. Fundi asiikate eti haina kazi. Na ukubwa uleule wa betri hauwezi ghafla kubeba chaji mara tatu ya ile ya kiwandani, hata karatasi iliyobandikwa iseme nini.

Kipo kitu kimoja ambacho hakingoji kupimwa. Kioo cha skrini kikiinuka pembeni, au mgongo wa kifaa ukakataa kufunga, betri imevimba. Kizime, usikichaji, usikibonyeze kirudi, usikitoboe. Ile ya kwangu ya kwanza, niliyoiondoa bila sababu ikiwa nzima, nilikaa nayo muda kwenye kopo la mchanga kwenye veranda, majirani wakiniuliza ninapanda nini. Nilipopata safari ya upande wa kituo cha kukusanya taka za umeme, WEEE Centre, nikawaachia huko pamoja na chaja ya matundu mawili.