Kuwatembelea Waamish wa Lancaster bila kuwaudhi

Tazama kalenda kabla ya ramani. Wageni wengi hufika Kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, Marekani, siku ya Jumapili kwa sababu ndipo wana nafasi, wakakuta milango imefungwa. Waamish, Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale na kusafiri kwa vigari vya farasi, hawauzi chochote Jumapili, hata nyanya za kando ya barabara. Ibada huwa nyumbani kwa waumini, familia zikipokezana, kila baada ya wiki mbili. Ukiona vigari vingi vya farasi vimepangwa uani mwa shamba, hapo pana ibada: endelea na safari yako.

Nenda kati ya Jumatatu na Jumamosi, asubuhi. Epuka Siku ya Kupaa, Jumatatu ya Pentekoste na tarehe 11 Oktoba, ambazo kwao ni siku takatifu. Novemba nayo ina utata wake: mavuno yakishaisha huja harusi, nyingi zikifungwa Jumanne na Alhamisi, na fundi uliyemfuata huenda yuko karamuni na nusu ya ukoo wake. Soko la Central Market mjini Lancaster hufunguliwa Jumanne, Ijumaa na Jumamosi.

Ukikodi gari, makini sana na barabara za mashambani, kwani huko ndiko mgeni anaweza kuua mtu. Kigari cha farasi huenda maili 5 hadi 8 kwa saa, ilhali wewe huenda uko kwenye 55. Kikiwa mita 150 mbele yako, utakifikia baada ya sekunde 7 hivi, na vilima vya huko hukificha mpaka dakika ya mwisho. Ukiona pembetatu ya rangi ya chungwa, alama ya mwendo wa polepole nyuma ya kigari, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Baadhi ya jumuiya katika majimbo mengine haziiweki kabisa. Hutosheka na taa na utepe unaong'aa.

Usipige honi, hata ya kusalimia. Farasi akishtuka hurukia pembeni au mbele ya gari lako. Marekani huendesha upande wa kulia, kwa hiyo utakipita kigari kushoto kwake: subiri uone mbele kweupe, acha nafasi pana, usingurumishe injini, na usirudi kwenye njia yako mpaka umwone farasi mzima kwenye kioo cha ndani. Kwenye alama ya kusimama, acha nyuma ya kigari nafasi isiyopungua urefu wa gari lako, kwa kuwa farasi anapoanza kuvuta kigari huweza kurudi nyuma kidogo. Usiku punguza taa.

Sasa picha, jambo linaloleta ugomvi kuliko yote. Waamish wengi huona kujipanga mbele ya kamera ni majivuno, tena wanaikumbuka amri ya Kutoka 20:4 kuhusu sanamu. Kuomba ruhusa hakuondoi tatizo: unamlazimisha mtu mpole akukatalie usoni, au akubali jambo ambalo kanisa lake halilipendi. Piga picha mashamba, ghala, nguo zilizoanikwa kwa mbali, kigari kinachoenda zake usipoonekana uso wa mtu. Usirushe droni, usivute sura za watu kwa lenzi ndefu, na usiwape watoto peremende ili wasimame. Shule za chumba kimoja usizisogelee kabisa. Mwaka 2006 wasichana watano waliuawa kwa risasi katika shule ya Waamish ya Nickel Mines, jengo likabomolewa siku chache baadaye. Hakuna cha kwenda kutazama.

Usiingie shambani kwa mtu kwa sababu tu geti liko wazi. Ukiona kibao cha biashara, hapo umekaribishwa. Kwa maoni yetu, njia bora ya kuzungumza na Mwamish ni kununua kitu kwake. Mezani penye mfarishi wa vipande vya vitambaa, uliza umeshonwa kwa muda gani na mchoro wake unaitwaje. Kwa seremala, uliza mbao. Mazungumzo yatakwenda yenyewe. Maswali ya vijana wao kuasi, au ya vipindi vya televisheni, huyakata. Na usiwaulize kwa nini hawalipi kodi: kodi ya mapato na ya ardhi wanalipa.

Beba noti ndogo za dola 1, 5 na 10. Vibanda vingi vya mboga na mayai havina mwuzaji: kuna bei, kuna kisanduku, unalipa mwenyewe na hakuna wa kukurudishia chenji. Mfarishi mkubwa wa kushonwa kwa mkono huuzwa kwa mamia ya dola, mara nyingine zaidi ya 1,000. Usidai punguzo, bei iliyoandikwa ndiyo bei. Ukitaka kushindana bei, nenda Februari au Machi kwenye minada ya vikosi vya zimamoto vya vijijini, ukiwa umevaa buti za matope.

Vaa nguo za heshima za kawaida. Usijivalishe boneti wala kofia ya majani kuwaiga.

Baadhi ya familia huandalia wageni chakula nyumbani. Weka nafasi mapema kupitia ofisi ya wageni au mwenye nyumba unapolala. Ukipewa namba, ujue simu mara nyingi iko kwenye kibanda nje ya nyumba: acha ujumbe, taja namba yako polepole mara mbili, na usitarajie jibu siku hiyo hiyo. Fika kwa wakati, bila pombe, simu imezimwa sauti. Kabla ya kula watainamisha vichwa kimya, na mara nyingi tena baada ya kula. Mkono wako usiwe tayari kwenye bakuli la viazi.